Risiti Namba 214: Barua ya wazi kwa maaskofu, wachungaji na wazee wa kanisa

Baba Askofu zetu, wachungaji wetu, na ninyi wazee wenzangu wa kanisa hapa Kenya,

Bwana asifiwe.

Kwa miaka kumi na mmoja nilishika vitabu vya fedha vya parishi yetu. Parishi yenyewe sitaitaja, dayosisi sitaitaja, na hata dhehebu mniruhusu nilifiche, maana ninayoyaandika yanapatikana kwa Waanglikana, kwa Wakatoliki, kwa Wamethodisti na kwa wale wanaokutana chini ya turubai kando ya barabara. Naandika hadharani kwa sababu barua mbili nilizoandika faraghani ziliishia kwenye faili.

Nianze na Jumapili moja ya harambee. Tulikuwa tunaezeka ukumbi. Ibada ilipangwa saa nne, lakini Mheshimiwa alikuwa "njiani", na habari za kuwa njiani ziliendelea kuingia katika simu ya mwenyekiti wa wazee hadi saa sita na robo. Mkate na divai vilikuwa mezani chini ya kitambaa cheupe tangu asubuhi. Kwaya iliimba, ikaketi, ikainuliwa tena. Bibi mmoja mwenye kisukari, aliyekuja bila kula ili apokee Ushirika, alianza kutetemeka. Mjukuu wake akamtoa nje akamnunulia soda kwenye kioski. Mheshimiwa alipoingia watu walisimama, na mchungaji akashuka kutoka madhabahuni kwenda kumlaki mlangoni. Alisema anasalimia tu. Salamu ilichukua dakika arobaini, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya kuwasema wapinzani wake.

Baada ya ibada msaidizi wake alinifuata vestri, chumba cha wahudumu wa kanisa, na bahasha ya kaki. Maburungutu ya noti yalikuwa bado yamefungwa karatasi za benki. Nikahesabu laki tano. Nikafungua kitabu cha risiti, nikaweka kaboni, nikauliza niandike jina gani. "Andika Rafiki wa Kanisa," akasema huku akitazama saa. Nikaandika. Risiti namba 214. Nilipompa nakala ya juu hakuichukua. Aliiacha pale mezani, karibu na kikombe cha Ushirika ambacho kilikuwa hakijaoshwa. Nakala zote mbili zimo kitabuni mpaka leo.

Miezi minne baadaye mwinjilisti wetu, kijana bado, alihubiri habari za Nabothi, yule wa Biblia aliyeuawa ili mfalme achukue shamba lake la mizabibu. Akagusia kiwanja cha soko kilichozungushiwa ukuta usiku. Hakutaja mtu. Ijumaa iliyofuata mwenyekiti wa wazee akapigiwa simu, na kabla ya mwezi kuisha yule kijana alikuwa amehamishiwa kanisa la mwisho wa barabara, kule ambako hata bodaboda hukataa kwenda mvua ikinyesha. Barua ya uhamisho ilisema ni "mahitaji ya kazi". Mimi nilijua kwamba risiti namba 214 imeanza kudaiwa. Na sikufungua kinywa. Hilo nalo liandikwe.

Sasa Oktoba 31 inakaribia, na kama kila mwaka tutahubiriwa Martin Luther, mtawa wa Ujerumani aliyeanzisha Matengenezo ya kanisa, na nyundo yake mlangoni mwa kanisa la Wittenberg, mwaka 1517, hoja 95, na ile biashara ya kuuza vyeti vya msamaha. Tutapiga makofi. Ila hadithi tunayosimuliwa hukatizwa mahali inapoanza kutuhusu.

Aliyemlinda Luther alikuwa Friedrich, mtawala wa Saxony. Mtu huyu alikuwa na masalia ya watakatifu karibu elfu 19, mifupa na vipande vya nguo, katika kanisa lile lile la Wittenberg, na watu walikwenda kuyatazama ili wapunguziwe adhabu ya dhambi. Johann Tetzel alipotaka kuuza vyeti vyake, Friedrich alimzuia asiingie Saxony. Mweka hazina yeyote angeelewa kwa nini: fedha za watu wake zisivuke mpaka. Huyo ndiye mlinzi aliyepatikana. Na alimlinda kweli. Miaka mia moja kabla yake Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyewakosoa wakubwa wa kanisa, alipewa hati ya usalama na mfalme Sigismund, akaenda Constance, akachomwa moto 1415. Luther naye alikwenda Worms Aprili 1521, kujibu mbele ya Kaisari, na hati yake mkononi. Akirudi, watu wa Friedrich walijifanya wanamteka nyara msituni, wakamficha katika ngome ya Wartburg. Akafuga ndevu, akaitwa Junker Jörg, na humo ndani akatafsiri Agano Jipya. Bila mtawala huyo pengine tungekuwa na jivu la pili. Asiyetambua hilo asiandike barua kama hii.

Machi 1522 Luther alitoka mafichoni bila ruhusa. Alipofika mji wa Borna akamwandikia Friedrich barua. Alimwambia anarudi Wittenberg chini ya ulinzi ulio mkubwa kuliko wa mtawala, wala haombi ulinzi wake. Tena akaongeza kwamba yeye Luther anaweza kumlinda mtawala kuliko mtawala anavyoweza kumlinda yeye. Hebu fikirini: mtu aliyeharamishwa na dola nzima, hana senti, yuko njiani, anamwandikia hivyo mwenye ngome. Ningekuwa na uwezo ningeibandika barua hiyo katika kila vestri ya nchi hii, juu ya meza ya kuhesabia sadaka.

Miaka 17 baadaye mtu yuleyule aliweka sahihi yake kwenye karatasi ya namna nyingine. Philipp, mtawala wa Hesse, alikuwa kiongozi katika muungano wa Schmalkalden, ule uliokuwa na askari wa kuwalinda Waprotestanti. Alitaka mke wa pili, na wa kwanza yumo nyumbani. Desemba 1539 Luther na mwenzake Melanchthon walimpa ushauri wa siri uliomfungulia mlango, mradi isijulikane. Machi 1540 akamwoa Margarethe von der Saale. Ikajulikana, maana ndoa ya mkubwa haifichiki, na Luther akashauri kwamba hata uongo mzito unaweza kusemwa ikiwa ni kwa faida ya kanisa. Mtu ambaye hakutetemeka mbele ya Kaisari pale Worms alikwama mbele ya rafiki mwenye jeshi.

Na jeshi lenyewe liliishia wapi? Kuoa wake wawili kulikuwa kosa la kifo kwa sheria ya dola, kwa hiyo Philipp alilazimika kujisalimisha kwa mapatano na Kaisari Karl wa Tano mwaka 1541. Vita vilipokuja muungano ulivunjwa Mühlberg, Aprili 1547. Walikuwa wameshalipia ulinzi kwa maneno yao, na siku ya kuutumia haukutosha.

Ni nini kilichopita kati ya barua ya Borna na ile karatasi ya siri? Wanateolojia wana majibu yao. Langu ni la mtu wa vitabu vya hesabu: mshahara wa mchungaji.

Kabla ya Matengenezo padri alikula kwa zaka, kwa ada na kwa misa za wafu. Misa za wafu zilipokoma, malipo yake nayo yakakoma. Nyumba za watawa zilipofungwa, mashamba yake yalibaki wazi na wenye nguvu wakaanza kuyamezea mate. Waumini wengi waliosikia kwamba wokovu ni bure walielewa kwamba na zaka ni bure. (Tusiwacheke. Nimezunguka na kapu la sadaka miaka kumi na mmoja.) Wakaguzi walipotumwa vijijini Saxony kuanzia 1527, walikuta wachungaji wanaoishi kwa kulima na kuuza pombe, na watu wasiojua hata Sala ya Bwana. Mtu wa kulipa alitafutwa. Luther akamwomba mtawala, wakati huo Johann ndugu yake Friedrich, aingilie kati kwa upendo wa Kikristo, maana hali ni ya dharura. Mtawala akaingilia. Akateua wakaguzi, akapanga mishahara, na baadaye mabaraza ya kuhukumu mambo ya kanisa yakawa yake. Dharura hiyo iliisha Novemba 1918, Kaisari wa Ujerumani na watawala wenzake walipoanguka. Karibu miaka 400, na mkuu wa kanisa alikuwa ndiye mkuu wa jimbo.

Kulikuwa na njia nyingine, na hii ndiyo sehemu inayoniuma. Machi 1525, katika mji wa Memmingen, wakulima walikusanyika wakaandika madai kumi na mawili. Anayehesabiwa kuwa mwandishi wake ni Sebastian Lotzer, fundi wa ngozi za manyoya. Mtu wa sindano, si mtu wa seminari. Dai la kwanza: kila jamaa ya waumini iwe na haki ya kumchagua mchungaji wake na kumwondoa akienda kombo. Dai la pili: zaka ya nafaka waitoe, ishikwe na wasimamizi waliochaguliwa na watu, mchungaji apewe kinachomtosha, maskini wa kijiji wapewe kinachobaki, na ziada iwekwe akiba. Nimeyasoma madai hayo mara nyingi kuliko baadhi ya nyaraka za Paulo. Ndiyo bajeti ya parishi, imeandikwa na watu waliokuwa hawaruhusiwi hata kuvua samaki mtoni bila idhini ya bwana wao.

Mei 15 mwaka huohuo wakulima, waliokuwa wamewaasi mabwana zao, walichinjwa Frankenhausen. Luther alikuwa ameshaandika kuwahimiza watawala wawapige bila huruma. Wanahistoria hukadiria kwamba katika vita vyote walikufa watu kufikia laki moja. Mwaka 2025 ilitimia miaka 500 tangu siku hizo. Nilihudhuria ibada nne za Oktoba, sikusikia wakulima wakitajwa hata katika matangazo.

Uingereza nitaipita haraka, ingawa ndiko walikotoka wengi waliotubatiza. Henry wa Nane alipewa na Papa jina la Mtetezi wa Imani mwaka 1521 kwa kuandika kitabu cha kumpinga Luther. Mwaka 1534 akawa yeye mwenyewe mkuu wa kanisa. Kati ya 1536 na 1540 alifunga nyumba za watawa karibu 800, na ardhi yake nyingi ikaishia kwa matajiri na watu wa karibu na kiti. Siku moja tu niitaje: Julai 30, 1540. Wafungwa sita waliburutwa hadi Smithfield, London, juu ya machela ya fito, wawili wawili, Mkatoliki na Mprotestanti wamelazwa pamoja. Wakatoliki watatu wakanyongwa kwa kukataa kwamba mfalme ni mkuu wa kanisa. Waprotestanti watatu wakachomwa kwa uzushi. Mmoja wao, Robert Barnes, alikuwa amemtumikia mfalme huyohuyo kama mjumbe wake Ujerumani. Najiuliza wale wawili wawili waliambiana nini njiani.

Mtaniambia: basi kanisa lijitenge, dini na siasa zisichanganywe. La. Hayo ndiyo maneno tuliyoyasikia kwa wakubwa wa serikali miaka ya themanini, wakiwaelekezea Askofu Henry Okullu na Askofu David Gitari walipopinga kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni hadharani badala ya kura ya siri. Gitari alivamiwa nyumbani kwake usiku, Aprili 1989, kwa sababu ya mahubiri. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri asikanyage Busia. Akaenda, na Agosti 14, 1990, akirudi, akafa katika ajali ya barabarani. Hao walichanganya dini na siasa mchana kweupe. Waliweza kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na nakala ya risiti yao.

Wala sisemi kivuli cha mtawala ni haramu daima. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyelelewa katika Ulutheri wa Württemberg akatumwa na shirika la Waanglikana, alipofika Unguja Januari 1844 alipewa barua na Seyyid Said, Mwislamu, ya kuwaamuru maliwali wa pwani wamtendee wema mtu huyu anayetaka kuwageuza watu kwa Mungu. Sultani alikuwa na hesabu zake na Waingereza, sikatai. Lakini hakuteua mtu wa Krapf wala hakumtuma kumsemea. Krapf alimzika mkewe na mtoto wake Mombasa mwaka uleule, na 1846 yeye na mmisionari mwenzake Rebmann wakaanza kazi Rabai. Barua ya njia ni kitu kimoja. Bahasha ya kaki ni kingine.

Baadhi yenu mmeshalisema hili, na haki yenu muipate. Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani, na vigogo walikuwa wameketi palepale. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais katika kanisa la Soweto zirudishwe. Siku ile niliita watu wa nyumbani waje watazame televisheni. Lakini tamko ni la aliyelitoa. Akistaafu linastaafu naye. Mwanasiasa analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana hukaa kimya miezi sita kisha hurudi kupitia kwa mwenyekiti wa wazee, kwa mwalimu wa kwaya, kwa akina mama wanaotaka sare.

Kwa hiyo naomba iingie katika kanuni, ipigiwe kura sinodini, iwe na adhabu kwa mchungaji na kwa mweka hazina pia: mwenye cheo cha kuchaguliwa, au anayekitafuta, atoe sadaka yake kapuni kama yule bibi wa kisukari, isitangazwe. Risiti iandikwe kwa jina la mtu aliyetoa. "Rafiki wa Kanisa" lifutwe katika vitabu vyetu, nami ndiye wa kwanza kutubu.

Kubwa zaidi ni mishahara. Mchungaji wetu siku ile ya harambee alikuwa anadai miezi mitatu. Mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo. Mlitaka amwambie nini mtu mwenye laki tano? Parishi za mjini zina magari matatu ya kanisa na zetu zinaazima baiskeli, na kota tunayopeleka dayosisini kila mwezi haturudishiwi hata taarifa ya ilikokwenda. Undeni mfuko mmoja, mchungaji wa mashambani na wa mjini walipwe kutoka humo kwa kiwango kimoja, hesabu zibandikwe mlangoni kila robo mwaka. Zibandikwe mlangoni, Wittenberg walau tujifunze hilo. Na mwinjilisti asihamishwe kabla ya kanisa lake kusikilizwa, kama Lotzer alivyoomba.

Najua mtasema, wewe uliezekewa ukumbi. Ni kweli. Mabati yale hayavuji. Binti yangu aliolewa chini yake, na mvua ilinyesha siku nzima. Kila nikiinua macho naona misumari iliyonunuliwa kwa fedha niliyoipokea kwa mkono wangu, na sijui ningefanya nini peke yangu pale vestri nikiwa na kalamu na yule bwana anatazama saa. Ndiyo maana naomba kanuni. Mweka hazina wa kijijini hawezi kuachiwa mlango huu aulinde kwa ujasiri wake mwenyewe.

Dai la kumi na mbili la wale wakulima lilisema kwamba likipatikana miongoni mwa madai yao neno lolote linalopingana na Maandiko, wakionyeshwa wataliondoa. Nami nasema vivyo hivyo. Nionyesheni, nitafuta.

Kadi za harambee nyingine zimekwisha kuchapishwa, ya uzio na lango. Ni Jumapili ya tatu ya Novemba, na mgeni wa heshima ni yuleyule. Uchaguzi ni Agosti mwakani. Kwaya inafanya mazoezi kila Alhamisi jioni, nawasikia kutoka barazani kwangu. Kuna wimbo mpya ambao ubeti wake wa tatu una jina lake. Naomba jibu kabla ya siku hiyo.

Wenu katika Bwana,

Mweka hazina mstaafu